Mji uje Mariashoni, lakini hati itangulie

Jumamosi iliyopita nilipanda nyumbani, Mariashoni, na betri mbili za sola. Kutoka Kaptembwo hapa Nakuru hadi steji nilizipeleka kwa mkokoteni, halafu matatu ya Elburgon kupitia Njoro, halafu boda. Anayeijua barabara ya Elburgon kwenda Mariashoni wakati wa mvua hahitaji kuelezwa. Betri moja tuliifunga mbele juu ya tangi, nyingine nyuma kwa raba, na pale tope lilipozidi nilishuka nikasukuma pikipiki kwa bega. Zilifika zima zote mbili, namshukuru Mungu na yule kijana wa boda.

Sista, muuguzi wa dispensari ya huko, ndiye aliyenipigia, siku ya Alhamisi. "Fundi, friji imelala tena. Leo nimewarudisha akina mama kumi na mmoja na watoto wao, hawakupata chanjo." Mimi ni fundi wa stima hapa Nakuru, lakini nilizaliwa huko juu, ndani ya msitu wa Mau, kwa Waogiek, watu wa msitu na asali, na kitovu changu kimezikwa huko. Dispensari yenyewe sitaitaja jina, kwa sababu waliomo hawana kosa lolote.

Nilifungua sanduku la betri nikakuta vichwa vimeota ukoga mweupe wenye kijani, mgumu kama chumvi iliyogandia sufuriani. Nikavua vifuniko, nikamulika ndani kwa tochi ya simu: maji yamekauka hadi sahani za risasi ziko nje. Mita ikasoma volti 9.8. Betri ya volti 12 ikisoma hivyo hata kabla haijabebeshwa mzigo, hiyo haifufuki. Betri za aina hii huongezewa maji yake mara kwa mara, kikombe tu, kazi ya dakika kumi. Hakuna aliyeambiwa. Waliofunga ile sola walifanya kazi safi, nyaya zimepangwa vizuri mpaka nikawapongeza kimoyomoyo, kisha wakapanda gari wakaenda zao. Hakubaki mtu hata mmoja wa kuongeza kile kikombe.

Betri zangu nilikuwa nimezichaji usiku kucha nyumbani. Nikasugua waya kwa brashi, nikafunga, nikapaka grisi, friji ikaanza kunguruma. Chanjo hutakiwa zikae kati ya nyuzi 2 na nyuzi 8, kwa hivyo tukaketi na sista mbele ya ile friji tupu, tukiangalia kipimajoto, tukingoja kishuke.

Hapo ndipo aliponiambia lililo moyoni mwake. "Najua watu wanasema mimi ni mtoro." Kila jioni anashuka kulala Elburgon, kila asubuhi anapanda, na mvua ikinyesha sana hapandi. Mtoto wake yuko gredi ya nne, anasoma huko chini. "Nipe chumba chenye kufuli na maji, fundi, na shule ambayo mwalimu hatoroki kama mimi, nitahamia hapa kesho."

Nimelibeba neno hilo wiki nzima. Sisi tumezoea kuomba vitu kimoja kimoja. Kampeni hii tunaomba dispensari, kampeni ijayo tunaomba transfoma, ile nyingine madarasa mawili na tangi la maji. Kila kimoja kinakuja peke yake na kinakufa peke yake. Friji inamtaka fundi aliye karibu. Fundi hawezi kuishi kwa friji moja, anataka kinyozi, anataka karakana ya kuchomelea, anataka kinu cha kusaga. Kinu kinataka stima ya fezi tatu, na laini iliyofika kwetu ni ya fezi moja, inayotosha taa na kuchaji simu. Fezi tatu haiji kwa sababu hakuna wateja wa kuilipia, na wateja hawaji kwa sababu fezi tatu haipo. Nimeizungusha kichwani kila upande na siioni njia nyingine: vitu hivi vinataka kuja pamoja, mahali pamoja, na watu wanaolala papo hapo. Hicho kitu jina lake ni mji. Ndiyo, nataka mji Mariashoni. Mji mdogo, wenye dispensari inayolaza wagonjwa, sekondari yenye nyumba za walimu, soko lenye paa, maji ya mfereji na mtu wa kuongeza kikombe.

Nikisema hivi mbele ya wateja wangu hapa Nakuru, wengi hujibu jambo moja: kwa nini nyinyi msishuke? Nakuru ni jiji tangu tarehe 1 Desemba 2021, hospitali ziko, shule ziko, njooni. Wanasema kwa nia njema. Lakini sisi si wa kwanza kuambiwa hivyo, na hata kwetu si mara ya kwanza. Tume ya ardhi ya wakoloni, katika ripoti yake ya 1934, ilipendekeza watu wetu watolewe msituni wakachanganywe na makabila makubwa ya jirani. Na nimesoma habari za wenyeji wa Australia, nikaona ni wimbo uleule. Mwaka 2014 waziri kiongozi wa jimbo la Australia Magharibi, Colin Barnett, alitangaza kwamba kati ya vijiji 274 vya wenyeji walio mbali, 100 hadi 150 huenda vikafungwa, kwa kuwa serikali kuu ilikuwa inaacha kulipia maji, stima na taka zao. Mwaka uliofuata waziri mkuu Tony Abbott akasema serikali haiwezi kugharamia watu waliochagua mtindo wa maisha wa namna hiyo. Watu waliandamana miji mingi, na haki yao. Mtu aliyezaliwa juu ya kaburi la babu yake hakuchagua mtindo wa maisha. Yuko kwao tu.

Kaunti yetu pia ina jambo lake. Katiba ya 2010, kifungu cha 204, iliweka hazina ya usawazishaji: asilimia 0.5 ya mapato ya taifa kila mwaka, kwa miaka 20, ipeleke maji, barabara, afya na stima kwa waliosahaulika. Orodha ya kwanza ilitaja kaunti 14. Turkana imo, Mandera imo, Narok jirani yetu imo. Nakuru haimo. Na ingekuwaje iwemo, na maua yake ya Naivasha, mvuke wa Olkaria, viwanda na jiji zima? Ukichukua wastani wa Nakuru, sisi hatuonekani. Katika sensa ya 2019 Waogiek wote nchini walihesabiwa 52,596, na tumetawanyika Nakuru, Narok, Mlima Elgon na kwingineko. Hata mto Njoro, ambao chanzo chake kiko huko kwetu Mau mashariki na unaingia Ziwa Nakuru, unajulikana zaidi kuliko watu wanaoishi pale unapoanzia.

Sheria ya miji ya 2011, jinsi ilivyorekebishwa 2019, haidai mambo makubwa. Jiji ni watu 250,000, manispaa 50,000, mji 10,000, na kituo cha soko ni 2,000. Elfu mbili tunafika. Basi kwa idadi njia iko, na mipango iko, na ukienda kwenye kikao cha bajeti ya kaunti unaweza hata kupata msikilizaji mzuri.

Sasa nifike kwenye linaloninyima usingizi.

Shangazi yangu alikuwa na kibanda kando ya barabara ya senta, cha mbao na mabati, akiuza sukari, sabuni, mafuta ya taa na asali tuliyorina. Karatasi hakuwa nayo, kama wengi wetu. Alijulikana tu kwamba pale ni pa mama fulani, na aliyekuwa anapajua zaidi ni mti wa tarakwet uliokuwa nyuma yake, ambao babu alitundika mizinga miwili. Mwaka mmoja ukavuma uvumi kwamba barabara itawekwa lami. Ndani ya mwezi mmoja walianza kuja watu wenye viatu safi kuuliza bei. Shangazi akaugua, bili ya hospitali ikafika shilingi elfu sitini, na mtu mmoja akamwekea elfu arobaini mezani. Akapokea. Nani angekataa? Leo pale pana jengo la mawe lenye maduka manne, si moja la Mwogiek. Tarakwet ulikatwa siku ya pili, ukawa nguzo za ua. Lami yenyewe hata haikufika.

Na hiyo ilikuwa uvumi tu. Je, mji wenyewe ukija?

Ardhi ya kwetu imechezewa sana. Mwaka 2001 serikali ilitangaza kumega msitu, na Mau mashariki peke yake ilikatwa hekta 35,301. Ilisemwa ni ya kuwakalisha Waogiek na wasio na ardhi, lakini waliopata karatasi wengi hawakuwa sisi. Mwaka 2009 ikatoka ilani ya siku 30 kwamba tuliomo msituni tuondoke. Kesi ikapelekwa hadi Arusha, Mahakama ya Afrika, na tarehe 26 Mei 2017 tukashinda. Mahakama ilikataa hoja kwamba kututoa ndiko kuhifadhi Mau. Nilisikiliza redioni nikiwa juu ya ngazi, nimeshika bomba la waya kwa mkono mmoja, nikashuka nikakaa chini sakafuni kwa mteja nikalia. Tarehe 23 Juni 2022 ikatoka hukumu ya fidia: shilingi milioni 57.85 kwa hasara ya mali, milioni 100 kwa maumivu, na lililo kubwa kuliko pesa, ardhi ya mababu ipimwe, iwekewe mipaka, na itolewe hati ya jamii. Ninapoandika haya bado tunaingoja hati hiyo. Katikati ya hapo, mwaka 2020, nyumba zimechomwa upande wa Nessuit na Mariashoni kwa ugomvi wa mipaka ya mashamba, majirani na majirani. Novemba 2023 watu wetu wa Sasimwani, kule Narok, wakabomolewa nyumba na kufukuzwa.

Kwa hivyo ninaposema hati itangulie, simaanishi kila mtu apewe kipande chake chenye jina lake. Hicho tumekiona kwa shangazi: ardhi ya mtu mmoja inauzwa kwa ugonjwa wa siku moja. Namaanisha hati ya jamii. Sheria ya ardhi ya jamii ya 2016 inasema ardhi hiyo haiuzwi mpaka theluthi mbili ya wanajamii waliosajiliwa wakubali. Theluthi mbili hawaugui siku moja.

Watu huniuliza: sasa mji utajengwaje juu ya ardhi isiyouzwa, benki itakopesha nani, tajiri ataweka jengo juu ya nini? Ni swali zuri, nami nililichunguza. Jibu moja liko hukohuko Australia. Kwenye Jimbo la Kaskazini, sheria ya 1976 iliwarudishia wenyeji ardhi kama mali ya jamii, isiyouzwa. Mwaka 2006 sheria ikarekebishwa ili senta ya kijiji iweze kukodishwa kwa miaka 99. Ardhi inabaki ya ukoo, na mwenye duka, benki au nyumba ya mwalimu anakodi kutoka kwenye ule mkataba mkuu. Wa kwanza kutia sahihi walikuwa Nguiu, visiwa vya Tiwi, mwaka 2007. Lakini angalia kilichofanyika: mshika mkataba alikuwa afisa wa serikali, na wengi walinung'unika kwamba ardhi imerudi mikononi mwa serikali kwa mlango wa nyuma. Ilichukua hadi 2017 kwa jamii ya Gunyangara kupata mkataba wa namna hiyo unaoshikwa na shirika la wenyeji wenyewe. Mimi nataka tuanzie pale Gunyangara walipofikia. Tuna vyama vya akiba, tuna vyama vya asali, kushika daftari la kodi hatushindwi.

Jambo jingine nililojifunza huko linahusu Wadeye, mji wa wenyeji kwenye jimbo hilohilo. Eneo hilo wamisheni Wakatoliki walianza misheni mwaka 1935, wakavuta koo nyingi tofauti kuja kukaa mahali pamoja, penye kanisa, shule na mgao wa chakula. Lakini pale palikuwa na wenyewe, ukoo mmoja, na hao wengine wote wakawa wageni wa kudumu juu ya ardhi ya mwenzao. Mji ukakua, huduma zikaja, na ugomvi wa koo haujaisha hadi leo. Niliposoma hayo niliona Mariashoni kabisa. Kwa sababu na sisi msitu haukuwa wa kila mtu. Kila ukoo ulikuwa na ukanda wake, unaoanzia chini penye baridi kidogo ukipanda hadi juu penye mianzi, ili asali ikiisha huku kwa maua haya ufuate maua yale. Ukiweka senta mahali, unaiweka kwa mtu. Lazima mwenyewe aulizwe, na kodi ya viwanja ijue inaenda wapi.

Nikiwa kidato cha pili, mwaka 2006, wazee wetu walikusanyika Nessuit kutengeneza ramani ya Mau mashariki, ramani ya kupanda na kushuka, ya makatoni. Makatoni yalikatwa kwa kufuata mwinuko wa ardhi, yakapangwa moja juu ya lingine, sentimita moja ni mita 100, mpaka milima ikasimama mezani. Wazee wakaja na rangi, nyuzi na pini. Babu yangu alikuwepo. Nilisimama mlangoni nikamwona ameshika uzi, anabishana na mzee mwenzake kuhusu kijito kimoja, kama kinapita upande huu wa kilima au ule. Walibishana nusu siku. Hakuna aliyewapa kitabu. Walifumba macho, wakahesabu mizinga ya baba zao kutoka mti hadi mti, silibwet hii, tarakwet ile, na mwisho wake uzi ukawekwa pale wote wawili walipokubali. Serikali ikija kupima kesho, kazi ngumu ilishafanywa na watu ambao wengi wao tumeshawazika.

Kuna jambo moja tu la ufundi naomba wapangaji wasilisahau. Huko juu ndiko maji yanakoanzia. Senta nyingi nilizofanyia kazi hukua kwa vyoo vya shimo, kila ploti na shimo lake, na hatimaye chemchemi inanuka. Mji ukikaa kichwani mwa mto, uchafu wake unanywewa na watu wa Njoro mpaka Nakuru. Kwa hiyo bomba la majitaka liwe la kwanza kuchimbiwa, kabla ya taa za barabarani. Nasema hivyo mimi ninayelipwa kwa kufunga taa.

Kipimajoto kilifika nyuzi 7 saa moja usiku. Sista alikuwa ameshachelewa boda ya mwisho, akamwachia dada yake mtoto kwa simu, akalala kwa mama yangu. Tulikula viazi na maziwa ya mala. Asubuhi Mama akamshika mkono akampeleka nyuma ya shamba la karoti, mahali palipofyekwa zamani sana, pakavu, pasipo na mti wala mzinga wa mtu. "Nyumba yako ingekaa hapa," akamwambia. "Ungeamka unaiona dispensari." Sista akacheka, kisha akaona Mama hatanii, akaniuliza ingegharimu ngapi.

Nilitoa tepu nikapima, futi 50 kwa futi 100. Nikahesabu nyaya, soketi nne, swichi tatu, taa tano, ya nje ikiwa moja, nikaandika yote kwenye daftari langu la kazi kama ninavyomwandikia mteja yeyote: jina, simu, urefu wa waya kutoka nguzo ya mwisho. Pale juu pa nambari ya ploti nimepaacha wazi.